Kisanduku cha Karwirwa

Siku hiyo Makutano, mjini Meru, palikuwa pamefurika. Malori ya mbao yalikuwa yamekwama yakingoja nafasi ya kupinda, makanga wa matatu za Maua walikuwa wameita abiria mpaka sauti zikakauka, na Teresia, muuza ndizi, ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kupanga bidhaa zake juu ya gunia mbele ya duka la Karwirwa. Karwirwa mwenyewe, binti fundi wa simu, alikuwa ameinamia simu ya mteja, chuma cha kulehemu mkononi, aliposikia mayowe.

"Uuui! Panya! Panya ya magurudumu!"

Hakuwa panya. Lilikuwa ni gari dogo, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, matairi mapana yenye meno, limejaa matope hadi kwenye paa. Lilipita katikati ya ndizi, likaruka ukingo wa veranda, likagonga mguu wa meza ya Karwirwa na kukwama hapo, magurudumu yakizunguka kwa hasira yakiutafuna mguu wa meza. Watu waliruka huku na huku. Karwirwa aliweka chuma chake chini, akalipindua lile gari tumbo juu, akachomoa waya wa betri. Likanyamaza.

"Mwenye huyu mtoto ni nani?" akauliza.

Kijana mmoja alivuka barabara mbio, rimoti mkono mmoja, mkono wa pili ukiwasihi madereva wasimkanyage. Alikuwa mrefu, ovaroli yake ya bluu imefuliwa hadi ikawa nyeupe magotini, na alipotabasamu kwa woga Karwirwa aliuona mwanya kwenye meno yake ya juu. Hakutaka kuuona, lakini aliuona.

"Pole, madam. Pole sana, mama," alimwambia Teresia huku akiokota ndizi. "Nilikuwa naijaribu tu hapo kando ya stegi ya matatu. Imekataa kusikia."

"Imekataa kusikia ama wewe ndio hujui kuiongelesha?" Karwirwa alikuwa tayari amelifungua na kuchungulia ndani. "Nani alilehemu hapa?"

"Ni mimi."

"Ulitumia nini? Msumari?"

Teresia aliangua kicheko hadi akasahau ndizi zake. Kijana naye akacheka, na mwanya ukaonekana tena.

Jina lake lilikuwa Ngari. Alitoka Manyatta, kule Embu, alikokuwa fundi wa mashine za kumenya kahawa mbivu katika kiwanda cha ushirika. Lile gari alikuwa amelitengeneza mwenyewe, tangu fremu hadi boneti. Sakafu yake ilikuwa bati nene la alumini lililowahi kuwa kibao cha barabarani. Mikono iliyoshika magurudumu aliikata kwenye ubao wa plastiki wa kukatia nyama, kwa sababu ule hupinda bila kuvunjika. Chuma na plastiki alivijua vizuri. Umeme ndio uliomshinda.

"Acha hapa mpaka Jumamosi," Karwirwa alimwambia. "Nitakuwekea risiva ingine, ile inasikia rimoti yako peke yake. Na nitakutolea taa hapa nje, uione. Ikipepesa, inakutafuta. Ikitulia, imekupata."

"Na nikikutafuta wewe?"

"Utapiga simu kama wateja wengine."

Alipiga jioni hiyo hiyo. Akapiga na kesho yake.

Basi likawa ni gari la watu wawili. Lilisafiri kati ya Meru na Embu ndani ya katoni ya maziwa, likitumwa kama kifurushi kwa ofisi ya matatu, na mpokeaji akilipokea kama mgeni. Likija kwa Karwirwa, lilikuwa na udongo mwekundu wa machimbo ya changarawe ya Manyatta, mahali ambapo Ngari na wenzake kama kumi walishindana kila Jumapili. Karwirwa alilisugua kwa mswaki wa zamani, akainusa harufu ya kahawa iliyoganda kwenye matairi, kisha akainusa tena bila sababu ya maana. Likirudi kwa Ngari, lilikuwa na waya zilizonyooka na harufu ya risasi ya kulehemu. Yeye alimwaga mafuta machafu ya shoki, akatia mapya, akapaka grisi kwenye difu, zile gia za kuzungusha magurudumu, akapima nafasi kati ya gia kwa kipande cha karatasi kama alivyojifunza kwenye mtandao.

"Fundi wangu," Ngari alimwambia siku moja kwa simu, "leo imeruka kilima chote. Mpaka Mithika wa gari jekundu amenyamaza."

"Mithika kunyamaza? Basi hiyo ni gari kweli."

"Ni mikono yako."

"Usinipake mafuta kama difu, wewe."

"Nikupake nini sasa, mpenzi?"

Karwirwa alikata simu kwa sababu mteja alikuwa amesimama mbele yake, naye alikuwa anacheka peke yake kama mtu aliyerukwa na akili.

Waligombana mara moja tu. Mwezi wa nane, mvua ikiwa imelilowesha gari, Ngari alifungua kisanduku cha umeme akikaushe, na wakati wa kurudisha akaunganisha waya nyekundu na nyeusi. Moshi ukatoka. Kifaa cha kudhibiti mwendo, ambacho Karwirwa alikuwa amekifufua kwa wiki tatu kwa vipande vya simu zilizokufa, kiliungua chote. Siku tano Karwirwa hakupokea simu zake. Siku ya sita Ngari alisimama dukani na mfuko wa karanga za makadamia, kofia mkononi.

"Karwirwa, sikia. Kuanzia leo hicho kisanduku ni chako. Mimi ni wa gia na matairi. Hata moshi utoke, hata nini, sifungui tena. Naapa."

"Apa kwa makadamia."

"Kwa makadamia na kwa mama yangu."

Karwirwa alicheka, akatengeneza kifaa kingine, akakifungia ndani ya kisanduku kipya cha plastiki nyeusi chenye skrubu nne na mpira wa kuzuia maji. Kiapo chenyewe alikisahau kabla makadamia hazijaisha.

Mwisho wa mwezi wa kwanza, Ngari alikuja Makutano siku ya Jumamosi bila gari na bila utani. Walikunywa chai kwenye hoteli iliyo nyuma ya duka. Alizungusha kikombe mezani muda mrefu.

"Kuna kampuni inachimba visima Lodwar, kule kaskazini. Wamenipatia kazi. Kontrakiti ya miaka miwili, inaanza mwezi wa tano. Wanataka jibu mwisho wa mwezi wa pili."

Karwirwa alihisi chai imempoa mdomoni. "Na wewe unataka?"

"Mimi nataka wewe. Ukisema nikae, nakaa, nakuja kwenu Kanyakine na wazee, tuongee na baba yako. Ukisema hapana, naenda Lodwar, nitachimba maji nikusahau polepole." Kisha, alipoona Karwirwa amefungua mdomo, akainua mkono. "Usinijibu saa hii. Na usinijibu kwa simu, maana kwa simu utanifanyia mzaha na mimi nitacheka na hatutajua tumesema nini. Nitakutumia gari. Weka jibu ndani. Nitalipata."

Gari lilifika Jumatatu. Karwirwa alifunga duka mapema, akakaa na kalamu, akachana karatasi tatu. Ya nne aliandika: *Usiende. Leta wazee. Ni mimi, Karwirwa.* Aliikunja hadi ikawa ndogo kama kadi ya simu, akaifunga kwa nailoni. Halafu akafanya alichokifanya kila mara gari lilipofika mezani pake: akafungua zile skrubu nne za kisanduku cheusi, kwa maana kwake yeye gari lilianzia hapo na kuishia hapo. Akaibana karatasi kando ya risiva, akarudisha mfuniko na kukaza, kisha akalirudisha gari kwenye katoni yake.

Alhamisi Ngari alipiga simu. Dukani palikuwa na wateja wanne.

"Imefika," alisema.

"Umeifungua?"

"Nimeifungua yote." Sauti yake ilikuwa nzito, inakwaruza. "Nimeelewa, Karwirwa. Asante kwa kunijibu bila kelele."

"Basi ni sawa?"

"Ni sawa."

Karwirwa alidhani ni furaha iliyoikwaruza sauti. Jumapili hiyo alikwenda nyumbani Kanyakine akamnong'oneza mama yake, mama akamwambia baba, na baba, mtu asiyeonyesha furaha yake kwa mdomo, akaenda sokoni akarudi na viti vinne vya plastiki vya kuwakalisha wageni. Karwirwa alishonesha rinda la kijani kwa Cicily, fundi cherehani wa jirani, lenye mikono mifupi na mshono wa dhahabu shingoni.

Jumamosi ya kwanza hawakuja. Ya pili hawakuja. Viti vilibaki vimepandana ukutani sebuleni, na mama akavitandikia kitambaa visiingie vumbi. Ngari hakupiga simu tena, na Karwirwa, ambaye kutwa alifufua simu za watu, aliitazama yake mwenyewe kama iliyokufa. Mara kumi alianza kuandika ujumbe, mara kumi akaufuta. Mtu umempa jibu zima, amekwambia ameelewa, halafu umfuate tena umuulize mbona hukuja? Damu yake ilikataa. Lakini jioni, akipiga mswaki, aliutazama ule mswaki wa zamani wa kusugulia gari uliokuwa umekauka dirishani, na alimtamani yule mtu hadi akahisi njaa.

Mwezi wa nne ukiwa unaisha, Mithika alikuja dukani na simu isiyoingiza chaji. Alikuwa mwalimu wa hesabu na mwenye gari jekundu aliloshindana nalo na Ngari.

"Jumapili ndio resi ya mwisho ya Ngari," alisema. "Jumatatu anasafiri Lodwar. Nilidhani unajua."

"Alitia sahihi?"

"Tangu mwezi wa pili."

Karwirwa aliendelea kukaza skrubu ambayo tayari ilikuwa imekaza. Kwa hiyo alisoma neno lake, *usiende*, akaenda kutia sahihi. Hasira ilimpanda hadi masikioni.

"Ako na kisanduku changu," alisema. "Nitakuja kukichukua."

Jumapili, baada ya kanisa, alivaa rinda la kijani. Alijiambia ni kwa sababu nguo nyingine zilikuwa hazijapigwa pasi. Bisibisi yake ndogo aliitia mkobani.

Machimbo ya Manyatta yalikuwa mekundu kama tofali bichi. Watu kama thelathini walisimama ukingoni, na chini yao magari madogo sita yalirusha mchanga kwenye vilima vya kokoto. Alilitambua lake hata kabla hajamwona mwenyewe. Lilikuwa la pili, likiruka na kutua kwa matairi yote manne bila kuyumba, shoki zikimeza mshindo wote, na pamoja na hasira zake Karwirwa aliona fahari. Ngari alisimama juu ya gogo, ovaroli ile ile ya bluu, amekonda. Macho yake yalikuwa kwenye gari tu.

Mzunguko wa mwisho, juu ya kilima kirefu, gari lilishtuka, likazima likiwa hewani. Likaanguka ubavu na kubingiria hadi chini. Taa yake ilikuwa imezima kabisa.

Ngari aliteremka, akalibeba hadi kando ya njia. Wenzake wakamzunguka.

"Ni waya imeachia ndani," Mithika alisema. "Fungua hicho kisanduku, bwana, dakika mbili tu."

"Sifungui."

"Skrubu nne!"

"Si changu, Mithika. Niliapa. Hata hii miezi yote sijakigusa. Wacha ibaki hivyo."

Karwirwa alikuwa amefika nyuma yao. Alilisikia kila neno. *Hata hii miezi yote sijakigusa.* Akakumbuka makadamia. Akakumbuka kofia mkononi.

"Niacheni nipite," alisema.

Ngari aligeuka. Alilitazama rinda, akamtazama usoni, akampisha. Karwirwa alipiga magoti kwenye changarawe na rinda lake jipya, akatoa bisibisi, akafungua skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mfuniko ukatoka. Kando ya risiva, ndani ya nailoni yake, imebanwa vile vile alivyoibana, palikuwa na karatasi.

"Ulisema ulifungua yote," alisema.

"Nilifungua yote!" Ngari alichuchumaa mbele yake. "Nilifungua difu zote mbili. Nikafungua shoki zote nne nikamwaga mafuta kwa sahani. Nikatoa matairi kwa rimu nikaangalia ndani na tochi. Nilifungua mpaka mota. Nikasema, huyu amenirudishia gari tupu, hataki kunikosea heshima. Hiyo ndio jibu."

"Na hapa?"

"Hapo niliapa, Karwirwa."

Karwirwa alimpa ile karatasi. Ngari aliikunjua kwa vidole vyenye grisi, akaisoma, akaisoma tena. Machozi yalimtoka mbele ya wanaume kumi, na hakuyafuta. Mithika alikohoa akawaita wengine wakaangalie gari lake jekundu, ambalo halikuwa na shida yoyote.

"Imekuwa hapa ndani resi zote hizi," Ngari alisema. "Nilikuwa nakimbiza jibu yangu kwa mchanga kila Jumapili."

"Baba alinunua viti," Karwirwa alisema, na sasa yeye pia alikuwa analia. "Viti vinne. Nikangoja, Jumamosi kwa Jumamosi. Nikajua umenikataa."

"Mimi? Nikukatae wewe?" Alimshika mikono yote miwili. "Sasa hii karatasi bado inafanya kazi?"

"Haina tarehe."

"Basi siendi. Kesho nawapigia simu nawaambia watafute mtu mwingine."

Karwirwa alitaka kusema ndiyo. Alilitaka neno hilo kwa mwili wake wote. Lakini alimtazama huyu mtu aliyekuwa tayari kupoteza resi, na kabla ya hapo kumpoteza yeye mwenyewe, kwa sababu ya kiapo cha makadamia.

"Utaenda," alisema. "Umewapa neno. Mimi nitaolewa na mtu ambaye hafungui kisanduku akisema hafungui. Ukianza kuvunja leo, nitabaki na nani?"

"Likizo ni Desemba," Ngari alisema kwa shida. "Miezi nane."

"Viti ni vya plastiki. Haviozi."

Alilehemu upya waya ulioachia, hapo hapo, kwa chuma alichokopeshwa na Mithika na betri ya pikipiki. Walipoagana, Karwirwa alilibeba gari na Ngari akabaki na rimoti. Hakuna aliyependekeza iwe hivyo, ilitokea tu mikononi mwao, na wote wawili wakaiacha.

Miezi nane ni mirefu kwa mtu anayeihesabu. Karwirwa alilitunza gari kama alivyoelekezwa kwa simu kutoka Lodwar. Alitia tone la mafuta kwenye beringi. Alilipandisha juu ya tofali matairi yasibonyee. Betri za aina ile haziwekwi zikiwa zimejaa, huvimba, wala haziachwi tupu, hufa, kwa hiyo kila wiki alizipima na kuzirudisha nusu. Kila Jumapili saa kumi Ngari alipiga simu, upepo wa Lodwar ukivuma nyuma yake.

"Umeiwasha?"

"Nimewasha. Taa inapepesa."

"Inanitafuta. Ngoja, nawasha rimoti. Naiambia iende sasa. Imesonga?"

Na Karwirwa, akijua kabisa kwamba rimoti haifiki mbali hivyo, alilitazama lile gari lililotulia sakafuni na taa yake nyekundu ikipepesa, ikipepesa.

"Bado, mpenzi."

"Haya. Tutajaribu Jumapili ijayo."

Jumapili ya pili ya Desemba alikuwa Kanyakine kwa wazazi. Ngari alikuwa amesema likizo imesogezwa, gari la kampuni limeharibika, hajui ni lini. Saa kumi ilifika, simu haikulia. Saa kumi na robo haikulia. Karwirwa alijizuia kulia, akaliweka gari kwenye ngazi ya mlango na kuliwasha hata hivyo, kwa mazoea. Taa ikaanza kupepesa. Mama alikuwa jikoni, baba anasikiliza redio ndani.

Taa ikatulia.

Karwirwa hakuelewa. Aliinama aguse waya, akidhani umeachia tena. Ndipo magurudumu ya mbele yakageuka yenyewe, kushoto, kulia, kushoto, na gari likateremka ngazi taratibu, likavuka uwanja katikati ya kuku, likielekea kwenye ua wa michai, ambako juu ya majani ilionekana kofia moja, na nyuma yake kofia tatu za wazee.

"Baba!" aliita, na sauti ikampasuka. "Baba, toa vile viti!"